Waliokaa Nyuma ya Ukuta

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, mwaka 2023, hapa nyumbani Sepuka, niliamka kwenda msalani nikaona mwanga mdogo karibu na ukuta wa jiko. Anayeujua mkoa wa Singida anajua upepo wa Julai ulivyo. Ni upepo unaomfanya mzee afikiri mara tatu kabla ya kutoka kitandani. Nilidhani nimempata mwizi wa kuku. Nilipokohoa, mwanga ule ulizimika, kisha nikasikia sauti ya mkamwana wangu: "Shikamoo baba, ni mimi." Alikuwa ameketi juu ya kigoda, mtoto mgongoni amefunikwa khanga mbili, simu mkononi. Nilimwuliza anafanya nini nje saa tano na nusu za usiku. Akajibu kwa kifupi kwamba anatafuta mtandao.

Nilimwambia aende kulala, asimpe mtoto homa ya mapafu. Aliitika "ndiyo baba", akaingia ndani.

Asubuhi mke wangu ndiye aliyenieleza habari yote. Mkamwana wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenye stashahada, na wakati ule alikuwa akisomea shahada katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, na tangu hapo kimekuwa kimbilio la walimu wengi wasioweza kuacha kazi na watoto ili wakakae bwenini miaka mitatu. Zoezi lake lilitakiwa kufika chuoni kwa njia ya intaneti kabla ya saa sita za usiku ule. Halikufika. Dakika zile thelathini nilizomrudisha ndani ndizo alizokuwa amebakiwa nazo.

Sikupenda kuyasikia hayo, maana intaneti ya nyumba hii niliinunua mimi. Mwaka 2021, baada ya kuuza alizeti, nilinunua ruta, ile inayotiwa laini ya simu, ikanasa mawimbi ya mnara na kuyagawa ndani ya nyumba kwa njia ya Wi-Fi. Niliiweka sebuleni juu ya kabati la televisheni, chini yake kitambaa cha kufuma, kama wazee wetu walivyoiweka redio. Kila mgeni aliyeingia nilimtajia kwamba kwangu intaneti ipo. Na kweli ilikuwapo: sebuleni, na katika chumba changu cha kulala.

Nyumba ya uani, anakokaa mkamwana na watoto, iko hatua kama ishirini na tano kutoka kabati lile. Katikati pana ukuta wa matofali ya kuchoma, kisha jiko lenye kuta za udongo na bati, kisha tangi la maji la lita 2,000. Ningeweza kusema, kama nilivyosema siku ile kwa mke wangu, kwamba sebule haina mlango wa kufuli na mtu yeyote angeweza kuja kukaa. Lakini kwa heshima za nyumbani kwetu mkamwana haji kuketi sebuleni usiku mbele ya baba mkwe aliyevaa kaptura, akajisomea huku mzee anasikiliza taarifa ya habari. Mke wangu aliniangalia tu. Ndipo nikakumbuka mwaka 1973.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu cha Kinampanda, wilayani Iramba, na chaki bado mpya mfukoni. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeanza kuitumia redio kwa namna ambayo nchi nyingi zilikuja kuitazama. Mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka kumi ya uhuru, kulikuwa na kampeni ya Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki kumi na mbili, Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi juu ya malaria, minyoo, kichocho, kuhara, kifua kikuu na usafi wa maji. Watu hawakutakiwa kusikiliza kila mtu kivyake. Walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watende nini: wachimbe choo, wafyeke majani, wafunike kisima.

Idadi iliyoandikwa ni watu wapatao milioni mbili, chini ya viongozi wa vikundi 75,000. Viongozi hao walifunzwa kwa ngazi: wachache walifunzwa kwanza, wakaenda kuwafunza wengine, wale nao wakawafunza wengine, na hivyo hivyo hadi kwetu. Sisi wa ngazi ya chini tulipata siku chache za semina, na ninakiri kwamba yaliyonifikia yalikuwa yamepungua njiani. Kila ngazi ilikuwa imesikia kwa sikio lake na kusema kwa mdomo wake.

Kikundi changu kilikutana katika tembe la mzee mmoja. Kwa msomaji asiyelijua, tembe ni nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa lililotandazwa udongo, na kuta zake ni nene. Hukinga joto mchana na baridi usiku, na hukinga sauti pia. Redio ilikuwa ya shule. Betri tulikuwa tukizianika juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu zaidi, jambo ambalo vijana wa leo hulicheka mpaka wakutane na tochi iliyokufa. Niliiweka redio katikati ya chumba juu ya kigoda, nami nikakaa kando yake na daftari la mahudhurio. Wazee walikaa karibu. Wanawake walikaa nje, nyuma ya ukuta, na watoto wao. Hakuna aliyewaambia wakae kule. Wala hakuna aliyewaambia waingie.

Mlangoni alisimama mama mmoja, bega moja ndani, bega moja nje. Alikuwa amesoma kidogo na Kiswahili alikielewa vizuri. Redio ilipokuwa ikisema, yeye alikuwa akigeuza shingo na kuyasema yale yale kwa Kinyaturu kwa wale wa nje, kwa sauti ya chini lakini bila kupumzika. Mimi, mwalimu mpya, niliona anatuvurugia kipindi. Wiki ya pili nilimwambia mbele ya watu wote: "Mama, tunaomba kimya." Akanyamaza. Wiki ya tatu nje ya ukuta hapakuwa na mtu.

Nilichukua muda kuelewa. Mwenye tembe ndiye aliyenieleza, siku nyingine kabisa, akichonga mpini: kwamba wanawake wale wengi wao hawakukijua Kiswahili cha redio, na hata aliyekijua hakuisikia redio nyuma ya ukuta ule. Walichokuwa wakikisikia ni yule mama. Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama anaweza kupewa kitabu, ili asome kwanza, asiwe anakimbizana na redio. Nilimpa changu. Wiki ya tano alirudi, na safari hii nilimwekea kigoda pale mlangoni.

Daftari la kikundi kile bado ninalo, katika sanduku la bati pamoja na vyeti vyangu. Baada ya usiku ule wa Julai nililitoa. Kuna majina kumi na manne, yote ya waliokaa ndani. Yule mama hayumo. Wale wa nje hawamo. Nikiitazama ile hesabu ya milioni mbili, najua kwamba kwa upande wa kikundi changu ilikosewa, na aliyeikosea ni mimi. Na sidhani kwamba nilikuwa peke yangu nchini.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu historia ya mawasiliano katika nchi yetu huandikwa kwa hesabu za namna ile. Tunaambiwa ni lini jambo lilifika. Simu za mkononi zilifika nchini mwaka 1994. Mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili kampuni za simu zisaidiwe kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake isingezipeleka. Julai 2009 mkonga wa SEACOM, waya wa nyuzi za kioo uliolazwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa ikitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Hayo yote ni kweli na ni makubwa. Lakini kijiji huhesabiwa kuwa kimefikiwa mnara unapowashwa, na nyumba huhesabiwa kuwa imefikiwa ruta inapowekwa kabatini. Hatua ishirini na tano za mwisho hazimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kwa nini basi ruta isipaze sauti zaidi, ifike uani? Nilijiuliza swali hilo, na jibu lake nililipata katika historia ya kitu chenyewe. Mwaka 1971, katika visiwa vya Hawaii, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha huko walianza kuziunganisha kompyuta zilizotawanyika visiwani kwa njia ya redio badala ya waya. Wote walitumia masafa yaleyale. Wawili wakisema kwa wakati mmoja, maneno yao huharibika. Basi kila mmoja husubiri kidogo, kwa muda wa kubahatisha, kisha hurudia. Mwalimu yeyote wa darasa la tatu angewaambia kwamba njia hiyo hufanya kazi mpaka darasa lijae. Baadaye, mwaka 1985, Marekani iliruhusu baadhi ya masafa, yakiwamo yale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na majiko ya mikrowevu, yatumiwe na vyombo vya mawasiliano bila mtumiaji kuomba leseni. Kanuni za kwanza za mtandao wa namna hii zilitoka mwaka 1997, na jina la Wi-Fi likaja mwaka 1999.

Sharti mojawapo la kutoomba leseni lilikuwa hili: nguvu iwe ndogo, jirani asisumbuliwe. Kwa hiyo ruta kuwa na sauti ndogo si ubovu. Iliumbwa hivyo kwa sheria. Tena hata kama ingepaza sauti, simu iliyo uani nayo ni lazima ijibu, na sauti ya simu ni ndogo kuliko ya ruta. Hapa ndipo Wi-Fi inapoachana na redio ya mwaka 1973. Redio ilisema tu, haikuhitaji kuwasikia wa nyuma ya ukuta. Zoezi la mkamwana wangu lilitakiwa kutoka kwake kwenda, na lilikwama palepale kwenye matofali.

Kuna na lile tangi. Mkamwana alikuwa ameniambia, nami sikumwamini, kwamba mtandao humfika vizuri zaidi mwezi wa Oktoba kuliko mwezi wa Februari. Nilidhani ni maneno ya vijana. Kumbe maji huyameza mawimbi ya masafa yale, na Oktoba tangi letu huwa tupu, Februari limejaa mvua. Julai ile lilikuwa bado nusu. Amesomea sanaa, si sayansi, lakini alikuwa amepima kwa miezi ishirini kwa kuhamisha kigoda chake.

Safari ya kurekebisha ilianza vibaya. Fundi mmoja mjini Singida aliniuzia kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani, kazi yake kuyapokea mawimbi ya ruta na kuyarudia. Alinielekeza nikichomeke katika chumba cha mkamwana. Nikafanya hivyo, kikawaka taa, simu zikaonyesha alama zote za mtandao, na hakuna kilichofunguka. Ilinichukua siku nne kutambua ujinga wetu sote wawili: kifaa cha kurudia hakiwezi kurudia kisichokisikia. Lazima kikae mlangoni, mahali ambapo sauti bado ipo. Nilikihamishia jikoni, katikati ya njia, na hapo kikafanya kazi, lakini kwa mwendo wa nusu, kwa kuwa kifaa cha aina ile hutumia masafa yaleyale kusikia na kusema, na akisema hasikii. Moshi wa kuni ulimaliza kazi iliyobaki. Hakikutimiza mwezi.

Ndipo kijana wetu wa mwisho, ambaye kazi yake ni ya kompyuta huko Dodoma, aliponiletea ruta ya pili, iliyotumika ofisini kwao ikaachwa, pamoja na waya wa mtandao wa mita arobaini. Tulichimba mfereji, tukaupitisha waya ndani ya bomba la plastiki kutoka kabatini hadi nyumba ya uani. Waya wa namna ile huweza kubeba mawasiliano hadi mita 100 bila kupunguza kitu, na haujali matofali wala maji. Nilidhani tumemaliza. Badala yake nyumba nzima ikapoteza mtandao, hata mimi sebuleni, na nilisema maneno ambayo mwalimu mkuu mstaafu hapaswi kuyasema mbele ya wajukuu.

Kosa lilikuwa hili. Kila ruta hutoka kiwandani ikijiona ni mkuu wa nyumba. Hujipa anwani yake, na mara nyingi ruta mbili hujipa anwani ileile, 192.168.1.1, kisha kila moja huanza kuzigawia simu na kompyuta anwani, bila habari ya mwenzake. Nyumba ikawa na walimu wakuu wawili na orodha mbili za wanafunzi. Nimewahi kuiona shule ya hivyo kwa macho yangu, na sitaitaja. Kijana aliibadilisha ruta ya pili anwani yake, mwisho ukawa 2 badala ya 1, akaizima kazi ya kugawa anwani, akauchomeka waya katika tundu la kawaida la mtandao wa ndani na si lile la kupokelea intaneti, akaipa jina na nenosiri lilelile la ruta ya kwanza, ili simu ihame yenyewe mtu atembeapo. Mwisho akaziweka katika chaneli tofauti, moja ya 1, nyingine ya 6, zisisemeane juu. Kazi yote hiyo haikuzidi nusu saa. Mfereji ulichukua siku mbili.

Mkamwana alikuwa amesimama akitazama. Kijana alipomaliza, alimwuliza shemeji yake swali moja: nenosiri la kuingilia ndani ya ruta yenyewe, si lile la mtandao, ni lipi, na likiandikwa wapi. Kijana alinitazama mimi. Nilisema apewe. Alikiandika katika daftari lake la chuo, akapiga mstari chini yake. Tangu siku ile, mtandao ukisumbua, yeye ndiye anayeitwa, na ameniomba, kwa adabu, nikitoe kile kitambaa cha kufuma kilichokuwa kimehama kutoka chini ya ruta kuja juu yake, kwa kuwa kinaizuia kupumua.

Zoezi la Julai hakuruhusiwa kulirudia. Alama zake zilikatwa, na ilimbidi alirudie somo lile zima mwaka uliofuata. Hilo sikuweza kulichimbia mfereji. Nilimwomba radhi, si kwa maneno mengi. Alisema, "Hapana baba, si kitu," kama wasemavyo watu jambo linapokuwa kitu.

Yapo na mengine ambayo sikuyatarajia. Bando la mwezi, lililokuwa likinitosha mimi na taarifa zangu za habari, sasa huisha tarehe kumi na tisa au ishirini, kwa kuwa wajukuu nao wamegundua kwamba uani kuna mtandao. Umeme ukikatika, ruta zote mbili huzima, nasi hurudi sote gizani tukiwa sawa. Na juzi mkamwana amenijia na swali jingine. Jirani yetu, ng'ambo ya ua wa minyaa, ana binti aliye kidato cha nne ambaye jioni huja kusimama karibu na ukuta wetu wa nyuma na simu ya mama yake. Mkamwana alitaka kujua kama ampe nenosiri.

Nilimwambia nitafikiri. Kisha nilitoka na fimbo yangu nikazihesabu hatua kutoka nyumba ya uani hadi dirisha la binti yule: thelathini na nne, na katikati pana mwembe. Mita 100 ndio mwisho wa waya, kwa hiyo inawezekana. Jumamosi nitakwenda mjini kuuliza bei.